Taarifa ya habari ya kudhihaki taarifa za habari: skripti, picha na sauti zikaeje, na tusionekane wazushi?

Kipima_Maji:

Wakuu, salaam. Kikundi chetu cha maigizo kina watu wanne, simu mbili na chumba kimoja cha kurekodia. Tunataka kutoa video ya dakika 5 kila Ijumaa, iwe na sura ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, lakini inayodhihaki jinsi vyombo vya habari vinavyoripoti matukio. Wanasiasa wana watu wengi wa kuwacheka tayari. Sisi tunalenga uripotaji wenyewe: vichwa vya habari, lugha, mwandishi aliyesimamishwa mbele ya geti lililofungwa, mchambuzi anayechambua kila kitu kuanzia mafuriko hadi Simba na Yanga.

Kasoro zinazotusumbua ni mbili. Watu wanacheka mtangazaji anapotokea na wigi, kisha wananyamaza skripti inapoanza. Na kipande kikishakatwa na kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp, watu wanauliza kama ni kweli. Mwenye ujuzi atuelekeze.

---

Meza_ya_Habari:

Ndugu, wigi litoeni. Dhihaka ya habari inachekesha pale umbo linapoigwa kwa usahihi. Mtangazaji avae suti iliyopigwa pasi, asome kwa sauti ileile inayosomea bajeti na misiba, asitabasamu hata mara moja. Akishatabasamu, mtazamaji anaacha kutazama habari na kuanza kutazama mchekeshaji.

Kila kipengele kishike kasoro moja tu ya uripotaji. Nitaanza na ile iliyojaa zaidi kwetu, habari ya mgeni rasmi. Tazama mfano huu:

"Mkuu wa Wilaya amewataka wananchi kudumisha mshikamano na kuchapa kazi kwa bidii. Hayo yamesemwa leo wakati akifungua semina elekezi ya siku mbili kwa wadau wa maendeleo. Kwa upande wake, mwenyekiti wa kamati ya maandalizi amemshukuru mgeni rasmi kwa kukubali mwaliko licha ya majukumu mengi aliyonayo. Mgeni rasmi alikabidhiwa zawadi ya picha ya kuchora. Wakati huohuo, daraja alilopita mgeni rasmi kwenda kwenye semina hiyo limeanguka."

Sentensi tano, na habari yenyewe iko ya tano. Hapo hakuna hata neno moja la kuchekesha, kila sentensi ungeweza kuikuta gazetini. Kinachouma ni mpangilio: cheo, hotuba, shukrani, zawadi, halafu daraja. Baada ya "limeanguka" msiongeze kitu. Mtangazaji anyamaze sekunde moja, aende habari inayofuata.

Mambo mawili huharibu kipande cha namna hii. La kwanza ni haraka. Mwandishi anaweka kituko kwenye sentensi ya pili, wakati mtazamaji bado hajalitambua umbo. Mpe sentensi tatu za kawaida kabisa ajue yuko wapi. La pili ni chumvi. "Limeporomoka vibaya sana huku watu wakipiga mayowe" inaua, "limeanguka" inatosha.

Kasoro ya pili yenye nyama ni kauli ya kutendwa. Kiswahili kinampa mwandishi mvivu mahali pazuri pa kumficha mtendaji: imeelezwa, imebainika, imedaiwa, yamesemwa, wito umetolewa. Mtangazaji amuulize mwandishi aliyeko nje, "Imeelezwa na nani?" Ajibiwe, "Imeelezwa, Halima." Mara ya pili swali lirudi, jibu liwe lilelile. Mara ya tatu jibu libadilike: "Imeelezwa na sisi, kwenye taarifa ya saa moja." Hapo mmegusa ugonjwa halisi, chombo kinachojinukuu chenyewe na kujiita chanzo cha kuaminika. Marudio manne yanachosha.

Kuhusu lugha, jiwekeeni daftari. Kila mkisikiliza taarifa andikeni maneno yanayojirudia: taharuki, sintofahamu, wingu la simanzi limetanda, kizaazaa, mbivu na mbichi, mustakabali, kitendawili hakijateguliwa, mpaka tunakwenda mitamboni. Msiyamwage yote kwa pamoja. Chagua neno moja, ulipe jambo lisilostahili: "Hali ya taharuki imetanda katika kituo cha daladala baada ya chapati za mama lishe kuisha saa tatu asubuhi." Kisha uripoti chapati hizo kwa vifaa vyote vya habari kubwa: idadi zilizosalia, mashuhuda, kauli ya mama lishe, na mwito kwa wananchi wawe watulivu.

Urefu: msomaji wa taarifa akisoma Kiswahili kwa utulivu huenda maneno 110 hivi kwa dakika, kwa hiyo dakika 5 ni maneno 550 kwa jumla, pamoja na vimya. Skripti ya maneno 800 itamlazimisha mtangazaji akimbie, na akikimbia uzito umekwisha. Vichwa vya habari sekunde 20, habari kuu dakika moja na nusu, mwandishi wa nje dakika moja, mchambuzi dakika moja, kinachobaki gawaneni kati ya maoni ya mtaani na hali ya hewa.

Maoni ya mtaani yanahitaji uangalifu mkubwa. Rahisi ni kumfanya mwananchi aonekane mjinga, na hapo mmekosa shabaha. Swali ndilo liwe la kijinga. Mnajua lile swali la "Mama, nyumba imeungua, unajisikiaje?" Lirekodini hivi: mwandishi anainamisha kipaza sauti, mama anamtazama, anarudi kuokota mabati yake. Kimya cha sekunde tatu kamili. Mwandishi anageukia kamera: "Kama mnavyosikia wenyewe, ana majonzi." Katika kipande hicho mama anabaki na heshima yake yote, na mwandishi ndiye anayebaki uchi.

---

Kinasa_Sauti:

Meza amemaliza upande wa maneno. Mimi niongezee upande wa mitambo, maana umbo la habari linaharibika kwanza kwenye sauti na mwanga.

Rekodini kwa fremu 25 kwa sekunde, kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) iwe 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50. Ukirekodi fremu 30 kwa shata ya 1/60 chini ya taa za tyubu au LED za bei nafuu, picha inapata mistari inayopanda na kushuka. Kamera ya kawaida ya simu haikuruhusu kubadilisha, kwa hiyo pakueni programu yenye marekebisho ya mkono. Fungeni pia mwanga na fokasi visijibadilishe. Studio ya habari haipepesi.

Kimo cha lenzi kiwe sawa na macho ya mtangazaji aliyekaa. Maandishi yake yawe kwenye tableti iliyo juu kidogo ya lenzi, umbali wa mita 2, herufi kubwa, mistari mifupi ya maneno manne au matano. Mkiiweka pembeni macho yatakwenda kulia na kushoto, na mtazamaji ataona mtu anayesoma mahali pabaya.

Kitambaa cha kijani kiwe mita 1.5 hadi 2 nyuma ya mtangazaji na kimulikwe peke yake. Kikiwa karibu, rangi inamrudi mabegani, na mkiifuta kwenye uhariri mnafuta na kingo za suti. Kipigeni pasi, kila mkunjo ni kivuli. Kama chumba ni kidogo mno, acheni kijani kabisa. Ukuta mmoja wa rangi ya samawati iliyokolea na televisheni ya inchi 32 nyuma ya bega inatosha na inaonekana kweli zaidi.

Sauti: kipaza cha kubana kwenye koti, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, kilele kisipite desibeli -6. Chumba kitupu kinatoa mwangwi, tundikeni mablanketi mawili pande ambazo kamera haizioni. Kwa mwandishi wa nje fanyeni kinyume: mwacheni apigwe na kelele za bodaboda, maana ndivyo ilivyo. Wekeni pia ule ucheleweshaji wa mawasiliano. Mtangazaji akiuliza, mwandishi akae sekunde mbili akitikisa kichwa kabla ya kujibu. Sekunde moja haitambuliki, na nne zinaonekana hitilafu ya video yenu.

Utepe wa chini, yale maandishi yanayopita chini ya skrini, ni mahali pa kuweka dhihaka ya pili bila kuongeza dakika. Kwa picha ya 1920 kwa 1080, utepe wenye kimo cha pikseli 110 hadi 120 unasomeka kwenye simu. Acheni asilimia 5 kila upande, la sivyo herufi zinakatwa na skrini. Kasi yake ipimeni kwa kusoma kwa sauti: usipomaliza sentensi kabla haijaondoka, punguzeni. Na msiweke kituko kwenye utepe wakati mtangazaji anatoa kituko chake, jicho na sikio vitagombana na vyote viwili vitapotea.

"Habari za hivi punde" nyekundu wanaiacha ikae siku nzima, na nyinyi igeni hivyo. Saa iliyo pembeni mwa skrini isome 2:05 usiku, kisha mwishoni isome 5:40 asubuhi ya kesho yake, na maandishi yawe yaleyale.

---

Mwana_wa_Nyali:

Salaam kutoka Mombasa. Ninakubaliana na hayo, ila nataka mwangalie namna Wakenya walivyofanya dhihaka hii bila studio yoyote, maana mbinu yake inaigika.

Machi 2012, baada ya shambulio la gruneti kwenye kituo cha mabasi cha Machakos jijini Nairobi, CNN, kituo cha televisheni cha Marekani, ililiripoti kana kwamba Kenya nzima imo vitani, na Wakenya kwenye Twitter wakaanzisha alama ya reli ya SomeoneTellCNN. Ikarudi siku chache kabla ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, kituo hicho kilipoonyesha wanaume wachache wakitambaa vichakani na bunduki za kujitengenezea. Kubwa kuliko zote ni Julai 2015, Rais Obama alipokuwa njiani kuja Nairobi. CNN ikaiita nchi neno la Kiingereza ambalo tafsiri yake ni kama kitalu cha ugaidi, mahali unapochipukia na kustawi. Agosti mwaka huohuo Tony Maddox, mkuu wa CNN International, alikuja Nairobi kumwomba radhi Rais Uhuru Kenyatta.

Sasa tazameni ufundi. Watu walilichukua neno moja la chombo hicho, wakaacha sarufi ilivyo, wakabadilisha kilichomo: kitalu cha nyama choma, kitalu cha wanariadha, kitalu cha fukwe, kila neno na picha yake. Kukanusha kungekuwa hotuba. Wao waliliacha neno lijifedheheshe kwa kulitumia kupita kiasi. Mtu anaelewa kwa kutupia jicho mara moja, na kila anayeongeza picha yake anaeneza dhihaka ileile. Kwenu Tanzania tafuteni neno linalotumiwa na chombo kimoja mara nyingi, mfanye hivyo kwa wiki moja tu, kisha mliache.

Mbinu ya pili ni kugeuza kamera. Chukueni tukio la kweli la nchi kubwa, ripotini kwa lugha inayotumika kuripoti Afrika. Mfano wa Januari 6, 2021: "Katika taifa hili la Amerika Kaskazini lenye utajiri wa mafuta na historia ndefu ya migawanyiko ya kikabila, wafuasi wenye hasira wa kiongozi aliyeshindwa uchaguzi wamevamia bunge. Wazee wa jamii wametoa wito wa utulivu. Mabalozi wa kigeni wanafuatilia kwa wasiwasi." Hakikisheni tukio lenyewe ni la kweli, kilichobadilika ni msamiati tu, na ndiyo maana linauma. Daily Nation ya Nairobi iligusa mshipa huohuo Januari 8 ya mwaka ule, ukurasa wake wa mbele ulipouliza nani sasa ni jamhuri ya ndizi, jina la dharau kwa nchi yenye siasa zisizo imara. Mkitunga tukio, nguvu yote imekwisha.

Kuhusu majina: XYZ Show, kipindi cha kejeli cha vikaragosi kilichoanza kurushwa Kenya mwaka 2009, kazi ya Gado, yule mchora katuni Mtanzania, ilikuwa na karagosi mtangazaji aliyeitwa Keff Joinange. Kila Mkenya alijua ni Jeff Koinange, mtangazaji wa televisheni, herufi za mwanzo zimebadilishana nafasi tu. Jina la namna hiyo linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: linamtaja mlengwa, na linatangaza kuwa hii si habari. Umbo lile la taarifa ya habari ya vikaragosi lilifuata nyayo za Les Guignols ya Ufaransa, iliyokuwa hewani Canal+ tangu 1988 hadi 2018. Kwa hiyo msihofu kuwa wazo lenu limechoka, umbo hili linastahimili miaka.

---

Kipima_Maji:

Asanteni sana, wakuu. Meza, mfano wa daraja tumeusoma mara tatu hapa. Swali: je, tutumie vipande halisi vya taarifa za televisheni, tuvicheze halafu tuvitolee maoni? Na ile ya WhatsApp: tukiandika kwenye maelezo ya video kwamba ni maigizo, haitoshi?

---

Kifungu_kwa_Kifungu:

Maelezo ya video hayatoshi hata kidogo, na hapa naomba mnisikilize vizuri.

Video ikipakuliwa na kutumwa WhatsApp, maelezo yanabaki kule ilikotoka, inasafiri picha tu. Kwa hiyo neno KEJELI au MAIGIZO lichomwe ndani ya picha yenyewe, kona moja, muda wote, kwa ukubwa unaosomeka kwenye simu ya inchi 5. Lisiwe kwenye ukingo ambako mtu anaweza kulikata kwa kupunguza fremu. Liwekeni pembeni mwa kichwa cha mtangazaji, mahali ambapo akikata anakata na uso. Jina la kituo chenu liwe la kubuni kabisa, nembo na rangi zisifanane na za kituo chochote kilichopo.

Halafu jaribuni kila sekunde 15 peke yake. Kateni kipande popote, mpeni mtu asiyejua mradi wenu. Akisema "hii kweli?", kipande hicho kirekebishwe. Ukiangalia kwa kipimo hiki, mfano wa Meza una hatari: sentensi ya daraja ikikatwa peke yake ni uzushi kamili. Dawa yake ni kutunga jina la mahali lisiloweza kuwapo, Wilaya ya Mgeni Rasmi kwa mfano, na kulitaja ndani ya sentensi ileile yenye tukio.

Wasomaji makini nao hunaswa. Mwaka 2012 shirika la habari la Fars la Iran lilichapisha kama habari kamili utani wa gazeti la kejeli la Marekani, The Onion, kwamba wazungu wa vijijini wanampenda Ahmadinejad, rais wa Iran wakati huo, kuliko Obama. Novemba mwaka huo tovuti ya gazeti la People's Daily la China ikachukua utani mwingine wa The Onion, uliomtangaza kiongozi wa Korea Kaskazini, Kim Jong-un, kuwa mwanamume mwenye mvuto kuliko wote duniani, ikaupamba na picha 55. Mwaka 2015 Jack Warner, aliyekuwa makamu wa rais wa FIFA, alijitetea kwenye video akiwa ameshika mkononi karatasi ya utani wa gazeti hilohilo, kwamba FIFA imetangaza Kombe la Dunia la mwaka huo huko Marekani. Ikiwa hao walinaswa, mjomba kwenye kundi la ukoo hana kosa.

Upande wa sheria: Tanzania, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo au za kupotosha kwa nia ya kudanganya umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ilipotungwa 2018 iliweka kwenye vifungu vya 22 na 23 faini inayofika shilingi milioni 5 za kule. Alama iliyochomwa kwenye picha ni ushahidi wenu kwamba hamkuwa na nia ya kupotosha. Hifadhini faili asilia yenye tarehe, pamoja na skripti. Na kabla ya kufungua chaneli waulizeni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kama kipindi chenu kinahitaji leseni chini ya Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020, kwa kuwa kina sura ya habari.

Aina za kuepuka moja kwa moja, hata mkiwa na alama: magonjwa ya mlipuko, vifo, matokeo ya uchaguzi, bei ya mafuta, usaili wa ajira na mitihani ya taifa. Hayo watu wanayafanyia kazi papohapo. Mtu atafunga safari kwenda kwenye usaili usiokuwepo.

---

Meza_ya_Habari:

Nakubali kuhusu daraja. Badilisheni kama alivyosema Kifungu, jina lisilowezekana halipunguzi kitu.

Juu ya vipande halisi, mimi nasema msivitumie mwanzoni. Mwenye picha anaweza kuomba video ishushwe, na chaneli changa ikipigwa maonyo ya hakimiliki inafungwa. Lakini sababu kubwa ni ya ufundi: ukicheza kipande halisi unamwonyesha kidole mwandishi mmoja, kijana aliyetumwa saa kumi na moja jioni na kuambiwa alete habari saa mbili. Ukiigiza umbo, unaonyesha mfumo uliomtuma. Ubaya wa taarifa zetu kwa sehemu kubwa unatoka hapo: hakuna muda, gari moja linagawanywa kwa waandishi watatu, na mwenye semina ndiye anayetoa usafiri. Usafiri huo muuweke kwenye kipande. Mwandishi wa nje ashuke kwenye gari lenye bango la semina, kisha aanze kuripoti kuhusu semina. Bila neno.

---

Kinasa_Sauti:

Kwenye hilo la gari, picha ianze na bango, ishuke hadi mlango unapofunguliwa, sekunde 4 zinatosha. Msiweke muziki.

---

Kipima_Maji:

Tumeelewa. La mwisho: tumerekodi Jumatano, na Ijumaa asubuhi kunatokea ajali kubwa ya basi. Kipande chetu kina utani kuhusu uripotaji wa ajali. Tunafanyaje?

---

Kifungu_kwa_Kifungu:

Mnakitoa. Kwa hiyo kila wiki rekodini kipengele kimoja cha akiba kisichohusu tukio lolote, hali ya hewa au mchambuzi, dakika moja na nusu, nguo zilezile na mwanga uleule, ili kiingie mahali palipokatwa bila kuonekana. Kagueni na utepe wa chini, huko ndiko mara nyingi husahaulika sentensi moja kuhusu basi.